Benchi la Katikati

Kitu cha kwanza ambacho kijana alitaka kiondolewe ni benchi la katikati. Alilionyesha kwa ncha ya kiatu, akasema linambania nafasi: nyavu hazina pa kulala, na ndoo za perege zikijaa mtu hana pa kupita. Fundi hakumjibu. Aliizunguka boti, akainama, akazishika kingo zote mbili pale penye benchi, akazivuta na kuzisukuma. Hazikutikisika. Akasogea hatua moja kuelekea omo, akarudia. Safari hii ukingo ulikwenda na kurudi mikononi mwake. Akanyanyuka, akajifuta mikono, akasema, "Mwanangu, ukilitoa hili, boti yako itafunguka."

Tulikuwa uani kwake, Shirimatunda, upande wa magharibi wa Moshi, chini ya mparachichi, mahali ambapo hakuna anayetazamia kukuta chombo cha majini. Majirani wanaijua sauti ya nyundo yake, na wengi hudhani anakunja mifereji ya bati ya kukingia mvua, kazi ambayo kweli ndiyo inayomlisha miezi mingi ya mwaka. Lakini maji hayako mbali kama tunavyodhani sisi tunaoishi tukitazama mlima na kuupa bonde mgongo. Mito inayoshuka upande huu wa Kilimanjaro, Karanga ukiwa mmoja wao, huingia Kikuletwa, na Kikuletwa hukutana na Ruvu katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Anayevua Lang'ata au Kagongo anaelea juu ya maji yaliyopita kwetu kwanza.

Bwawa hilo lilijengwa miaka ya 1960 ili kuyapangia maji zamu yake kuelekea mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, na lenyewe likapewa mtambo wa megawati 8. Samaki walikuja bila kupangwa. Wakaja na watu: Wapare walioshuka kutoka milimani kwao, Wachagga, wavuvi wenye uzoefu waliotoka hadi Ziwa Victoria, kila mmoja na namna yake ya kuunda mtumbwi. Ninaowafahamu wa umri wa baba yangu wanasema kuna wakati perege walikuwa wengi hata mtu aliona aibu kuomba bei. Siku hizo zimekwisha. Bwawa limechoka, limewahi hata kufungwa ili samaki wapumzike, na anayetaka kuishi kwa uvuvi inambidi aende mbali zaidi na nchi kavu, akae muda mrefu zaidi, na apambane na upepo unaopanda bondeni jua linapokolea. Hapo ndipo boti kama hii inapoingia.

Ilikuwa ya alumini, futi 14, iliyofika nchini ndani ya kontena pamoja na vitu vingine vilivyokwisha kutumika ughaibuni. Iliundwa kwa ajili ya watu wawili au watatu wanaovua kwa ndoana katika maziwa tulivu ya nchi za baridi. Ilikuwa na mabenchi matatu, ubao wa kufungia mashine huko tezini, na kibandiko cha kiwandani kinachotaja uzito na nguvu ya mashine inayostahili, maandishi yake yamefutika nusu. Kijana, ambaye alikuwa ameuza shamba dogo ili aipate, alitaka mambo mengi. Benchi litoke. Omo liwekewe jukwaa refu la kusimama akitupa wavu. Liwepo sanduku la barafu. Ziwepo taa na betri. Na mashine iwe kubwa kuliko ile iliyotajwa kwenye kibandiko.

Nimekaa na mafundi wa aina nyingi, na bado naamini kwamba kubadili chombo kilichokwisha kuundwa ni kazi ngumu kuliko kuunda kipya. Aundaye kipya anazijua nia zake mwenyewe. Abadiliye chombo cha mwingine lazima kwanza aisome nia ya fundi asiyemjua, ambaye hayupo wa kuulizwa, na ambaye pengine alishafariki. Kila kipande anachokikuta kiliwekwa na mtu mwenye sababu. Kazi ya kwanza ni kuitafuta ile sababu, na hiyo haifanywi kwa msumeno.

Kwa hiyo msumeno ulibaki ukutani. Mzee aliipindua boti juu ya farasi wawili wa mbao, akaiosha, akaianika, akaanza kuigonga kwa vifundo vya vidole kuanzia mkuku hadi ukingoni, sikio karibu na bati. Alipopasikia pamelegea alipatia alama ya chaki. Alipokuta mstari mwembamba kuliko unywele, dalili ya bati lililochoka kwa kupindwa huku na huku, alitoboa kitundu kidogo kwenye ncha ya ufa kabla ya kufanya lolote. Ufa ukifika kwenye duara hukosa ncha ya kuendelea nayo. Ndipo anapoweka kiraka, upande wa ndani na wa nje, akivuka mbali na kile kitundu. Yote hayo aliyafanya bila kueleza, na mwenye boti alikaa kwenye ndoo akitazama simu.

Benchi lilipofunguliwa ndipo kijana alipoiweka simu chini. Mzee alizikata shingo riveti zilizolishika bati la juu, akalinyanyua, na ndani yake palikuwa na povu gumu la manjano, lile linalomiminwa kiwandani likaumukia humo humo. Alikitoa kipande kizima kwa mikono miwili, na mikono ikashuka kwa uzito. Akakikamua. Yakatoka maji ya rangi ya chai, mengi, yakamwagika hadi miguuni mwetu. Kwa miaka, boti ile ilikuwa ikibeba mzigo wa maji mahali pale pale palipowekwa ili paiokoe.

Nieleze hapa kwa nini jambo hili lilimfanya mzee anyamaze kwa muda. Wavuvi wetu wamelelewa na mbao. Mtumbwi wa mti ukijaa maji huzama hadi ukingoni, lakini hauendi chini. Mtu huushika, hupiga kelele, husubiri wenzake, au huyafua maji kidogo kidogo mpaka chombo kirudi. Wako wazee wengi Nyumba ya Mungu walio hai kwa sababu ya tabia hiyo ya mti. Alumini haina huruma hiyo. Inaelea kwa umbo lake tu, kwa sababu imekunjwa ikaizingira hewa. Bati lake lina uzito wa mara 2.7 ya maji ya ujazo ule ule. Mwili wa boti wenye kilo 100, ukizama wote, husukuma maji ya lita 37 tu, na kilo 63 zinazobaki huuvuta chini. Hapo hujahesabu mashine. Kitu pekee kinachoweza kuzibeba kilo hizo ni hewa iliyofungiwa mahali isipoweza kutoroka, na fundi wa kwanza, yule wa ng'ambo, aliifungia ndani ya mabenchi. Kila lita ya povu kavu hunyanyua karibu kilo moja. Povu lililolowa halinyanyui kitu.

Mtanzania wa umri wangu hawezi kusikia habari za hewa iliyofungiwa ndani ya chombo asikumbuke tarehe 21 Mei 1996. MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza, ikabaki kwa muda tumbo juu, na watu wakasikika wakigonga kutoka ndani. Waliokwenda kuwaokoa wakakata bati ili wawatoe. Hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka kwa tundu lile, na meli ikaenda chini. Mamia ya watu walipotea siku ile, na wengi wamezikwa Igoma. Waliokata hawakuwa na nia mbaya. Walikata wakiwa na huruma na haraka, na hawakuwa na mtu wa kuwaambia kile bati lilichokuwa limekishikilia. Mzee alilitaja jambo hilo mara moja tu, akiwa ameliinamia benchi tupu, na hakulirudia.

Povu jipya alilinunua katika vipande vigumu, akavikata kwa kisu kirefu vipate umbo la ndani ya benchi. Lakini hakuviweka. Kwanza alivipima kwa mizani ya duka aliyoiazima kwa jirani, akaandika uzito wa kila kipande kwa kalamu ya risasi, ubavuni mwa kipande chenyewe. Akavizamisha ndani ya pipa la maji, akaweka mawe juu. Asubuhi akavitoa, akavifuta, akavipima tena. Vile vilivyoongezeka uzito alivitupa kando ingawa vilikuwa vimekatwa vizuri na vilikuwa vimelipiwa. Nilimuuliza kama hiyo haikuwa hasara. Akanijibu kwamba hasara ilikuwa tayari ipo dukani, yeye ameigundua tu.

Ningependa kila anayeandika habari za usalama wa majini angeiona mizani ile. Ilikuwa ya kupimia sukari na unga, sahani yake imepinda, na juu yake kipande cha povu chepesi mno hata upepo ulitaka kukichukua, ikabidi mjukuu wake wa kike asimame kukikinga kwa kanga. Mzee aliisubiri sindano itulie. Hakuna mtu atakayeuona uandishi ule wa kalamu ya risasi. Umefunikwa na bati, umefungwa kwa riveti, na pengine utabaki gizani miaka 20. Mwenye boti hakuuomba na hakuulipia. Ulifanywa kwa ajili ya saa moja ambayo pengine haitakuja.

Kisha riveti. Hapa lazima niseme kwa uchungu kidogo, kwa sababu siku hizi ukiuliza Moshi nzima fundi alumini utaelekezwa kwa vijana wa madirisha. Ni vijana hodari, wana mashine nzuri za kukatia, na milango yao ya vioo imelipendezesha jiwe na tofali la mji wetu. Lakini dirisha halipigwi na mawimbi. Wao huunga kwa riveti ya kuvuta, ile yenye tundu katikati, inayofungwa kwa mkono mmoja upande mmoja katika kufumba na kufumbua, halafu huizungushia silikoni. Chini ya mstari wa maji riveti ile ni mlango. Maji hupita katikati yake, na mtikisiko huilegeza. Silikoni nayo huachia ukingo polepole, ikiwa bado inaonekana nzima.

Mzee hutumia riveti nzima, isiyo na tundu, na hiyo inataka watu wawili. Mmoja hupiga kwa nje. Mwingine hukaa ndani akiwa ameegemeza chuma kizito dhidi ya mkia wa riveti, ili kila pigo likutane na ukaidi na mkia upanuke sawasawa. Mjukuu wake ndiye aliyeketi ndani. Hawakuonana, kati yao palikuwa na bati. Waliongozana kwa sauti. Pigo la kwanza lilikuwa butu, la pili likawa limekaza kidogo, na la tatu au la nne lilitoa mlio mkavu uliosikika hadi barabarani, hapo wote wawili wakasogea bila kuambiana. Alipokosea msichana kukaza mkono, mlio haukutokea, na babu yake aliita kutoka nje, "Bibi, umelala?" Naye akajibu, "Shikamoo babu, niko macho," akacheka, kazi ikaendelea.

Mzee mwenyewe alijifunza hivyo hivyo, akiwa kijana katika karakana ya kiwanda kimoja bondeni, akimshikia chuma fundi aliyekuwa akipiga. Alishika muda mrefu sana kabla hajaruhusiwa kugusa nyundo. Anasema yule fundi wake alikuwa akifunga macho alipopiga riveti za mwisho, na kama mlio haukumridhisha, aliikata na kuanza upya, hata kama kengele ya kutoka kazini imelia. Sijui ni karakana ngapi leo zinazoweza kumvumilia mtu wa namna hiyo. Waajiri wanataka hesabu ya vipande, na vipande vinahesabika kwa macho.

Nilimuuliza kwa nini asichomelee tu, maana mtaa wa pili kuna welda mzuri. Akasema chuma kinapopata moto hubadilika rangi, kikamwonya fundi. Alumini haionyi. Huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi ikiwa bado nyeupe vile vile, na mtu aliyezoea chuma hushtukia tundu limefunguka mbele yake. Hata ikichomelewa vizuri, kwa gesi yake na kwa mkono unaojua, bati la pembeni mwa mshono hupoteza sehemu ya nguvu liliyokuwa nayo, na ufa unaofuata huanzia hapo. Kwenye boti mpya iliyopangiwa hivyo tangu mwanzo ni sawa. Kwenye bati kuukuu, jembamba, lililokwisha kufanya kazi miaka mingi, hapendi kuleta moto.

Mambo madogo aliyakataa kimya kimya. Kijana alileta bolti za shaba zinazong'aa; zikarudishwa mfukoni mwake. Shaba na alumini vikilowa pamoja, alumini huliwa. Hata kipande cha waya wa umeme kilichosahauliwa chini ya sakafu, penye maji yaliyotuama, kinaweza kuchimba bati taratibu mpaka siku litokeze jicho. Mbao za sakafu zilizotiwa dawa yenye shaba, alizikataa pia, akachukua plaiwudi ya kawaida ya gundi isiyoogopa maji, akaipaka rangi pande zote na ncha zote, na chini yake akaacha nafasi ya maji kupita na bati kukauka. Zulia alilolitaka kijana ili boti ipendeze, alimwambia akalitandike sebuleni. Bolti zisizoshika kutu alizitenga na bati kwa vikombe vya nailoni. Waya za betri zilikwenda mbili mbili, ya kwenda na ya kurudi, hakuna hata moja iliyoruhusiwa kufungwa kwenye mwili wa boti kama ifanywavyo kwenye gari.

Kuhusu jukwaa walibishana, na ubishi huo ulikuwa mzuri kuusikiliza. Kijana alitaka lilingane na ukingo, asimame juu aone mbali. Mzee alitaka liwe chini, sawa na benchi. Mtu mzima akisimama juu ya ukingo wa boti nyembamba, uzito wake wote unapanda, na chombo ambacho kilikuwa kikiinama na kurudi huinama na kusita. Hakumshinda kwa maneno. Alimwambia wataliweka chini kwanza, waende majini, na kama bado atalitaka juu atalipandisha bila malipo.

Wakaenda Lang'ata asubuhi, kabla ya upepo, na nilikuwa miongoni mwa walioisukuma. Mzee alikuja na fimbo aliyoichonga alama, na madumu ya lita 20 matupu ambayo watoto wa pwani ile ya bwawa waliyajaza wakipokezana. Dumu moja lililojaa ni kilo 20, hakuna mizani iliyo wazi kuliko hiyo. Aliyapanga 15 katikati na pande zote sawasawa, akapima kwa fimbo kutoka majini hadi ukingoni, omo, tezi, kushoto na kulia. Akayahamisha moja moja upande mmoja. Boti iliinama, ikaendelea kuinama, na akaacha palipobaki upana wa kiganja. Akamwita kijana, akamwambia, "Sasa panda usimame juu ya ukingo, huko unakotaka jukwaa." Kijana alitazama upana ule wa kiganja, akatazama maji. Hakupanda, na habari ya jukwaa refu haikuzungumzwa tena. Mashine kubwa nayo ikafa siku hiyo hiyo, maana alijionea mwenyewe jinsi tezi lilivyoshuka madumu matatu yalipohamishiwa nyuma.

Kisha akafanya jambo lililowafanya wavuvi waliokuwa wakisuka nyavu wasimame. Aliamuru madumu yashushwe na boti ijazwe maji kwa makusudi, pale pale penye kina cha kiuno. Ndoo kwa ndoo, mpaka maji ya ndani yakalingana na ya nje. Mmoja alisema kwa sauti kwamba mzee amerukwa na akili, kuizamisha boti ya watu siku ya kwanza. Boti ilishuka hadi kingo zikawa mstari tu juu ya maji, ikakaa hapo. Mzee akaingia na suruali yake, akaushika ukingo mmoja, akamwita kijana aushike mwingine, wakaegemea kwa uzito wao. Ilizama kidogo, ikarudi, wima, haikupinduka. Povu lilikuwa limewekwa juu na pembeni kadiri ilivyowezekana, kwa sababu likiwekwa chini kabisa huigeuza boti tumbo juu. Yule aliyesema maneno yale alivua kofia, akaja kugusa.

Nikitazama mikono ya mzee nawakumbuka wahunzi wa huku kwetu. Mzee ni mtu wa Ugweno, na Ugweno ya zamani ilikuwa nchi ya Washana, ukoo wa wafua chuma waliowahi kutawala kabla ya Wasuya kuwaondoa. Majembe ya Upareni yalivuka bonde hadi Uchagga. Upande wetu, Mamba bado kuna viwanda vya uani ambako mikuki na mapanga hufuliwa, ingawa sasa wengi wa wanaonunua ni watalii. Watu wale walijulikana kwa jina la ukoo, na jembe likivunjika kabla ya wakati wake ilijulikana ni aibu ya nani. Sisemi kwamba zamani yote ilikuwa njema. Washana wenyewe walipoteza nchi yao. Nasema tu kwamba kazi ilikuwa na mwenyewe.

Leo kazi nyingi hazina mwenyewe. Boti ikikatwa vibaya, aliyeikata ameshahamia mtaa mwingine, na namba yake ya simu haipatikani. Ikianza kuvuja hufukiwa silikoni. Ikivuja zaidi huburutwa nyuma ya nyumba. Na mwishoni huja mnunuzi wa skrepa na mizani yake, akaipasua kwa shoka kwa sababu anainunua kwa kilo. Alumini hununuliwa vizuri. Boti ya namna ile hugeuka sufuria kabla ya msimu kwisha. Sufuria ni kitu cha heshima na sina neno nacho, ila kila mara ninaposikia boti imeuzwa hivyo najua ilihitaji viraka viwili, povu jipya na mtu wa kushika chuma kwa ndani.

Mtu huyo ndiye asiyepatikana. Mjukuu anaanza chuo Septemba, na babu yake amefurahi kuliko sisi sote. Vijana wawili waliwahi kuja kujifunza. Mmoja yuko kwenye madirisha, mwingine anaendesha bodaboda, na wote wawili humtembelea na sukari siku za sikukuu. Pale mjini tuna chuo cha VETA kinachofundisha kuchomelea na kukunja bati, na najua walimu wake wanaipenda kazi yao. Hata hivyo sijaona mwanafunzi wa huko akiletwa Shirimatunda, kukaa ndani ya boti na kujifunza ule mlio.

Boti ya kijana inavua, na benchi lake la katikati bado lipo. Analalamika kwamba nyavu hukaa vibaya. Lakini nyingine imeshapita uani tangu hapo. Hiyo ililetwa ikiwa imekatwa tayari: benchi limetolewa, kingo zimeunganishwa kwa bomba la dirisha na riveti za kuvuta, mishono imepakwa silikoni nyeupe, na povu lote limetupwa ili kupata nafasi. Mwenyewe, bwana mmoja mwenye adabu, alitaka tundu moja tu lizibwe. Mzee aliishika kwenye kingo kama kawaida yake, akaivuta na kuisukuma, akamtajia gharama ya kurudisha benchi na povu. Bwana akasema tundu linatosha. Mzee akasema hataliziba. "Nikiziba, utaamini ni nzima." Bwana akaaga vizuri, akasema atafikiria, na kesho yake akatuma guta kuja kuichukua. Nimeambiwa iko upande wa Ngorika, tundu limezibwa na mtu mwingine, na siku za gulio huvusha watu sita pamoja na mizigo yao.